Vidonge vya Siku ya Hina

Khairiya alikuwa fundi wa hina. Alikaa Michenzani, katika moja ya yale majumba marefu, ghorofa ya tatu, pamoja na mama yake mkubwa aliyemlea tangu mdogo. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka thelathini na tano, na mabibi harusi aliowapaka hata yeye hakuwajua idadi, wa mjini na wa shamba, wengine aliwahi kuwabeba mgongoni. Wakimuuliza lini zamu yake, akicheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, kicheko cha juu kinachosikika mpaka ngazi ya chini, na watu wa jumba lile wakijua bibi harusi fulani keshamaliza kupakwa kwa kusikia kicheko tu.

Hina yake akiichanganya mwenyewe, akiitia kwenye vikoni vya plastiki na kuviweka katika friza ili rangi isife. Siku moja friza ikazima, katikati ya msimu wa harusi, na vikoni vikaanza kutoa maji. Jirani akampa namba ya fundi anayetengeneza mafriji ya mahoteli. Fundi mwenyewe alikuwa Mcha, mtu wa Chwaka, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na mashine huku akizifungua. Aliipigapiga friza ubavuni, akaiambia, "Haya mama, tuonyeshe panapouma," na Khairiya akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Friza ilipona siku ile ile. Baada ya siku mbili Mcha akarudi kuangalia kama inaendelea vizuri. Wiki iliyofuata akarudi tena, na mama mkubwa akamfungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, friza nzima, inagandisha mpaka maji ya kunywa. Kama umekuja kwa jengine, lete wazee."

Akaleta wazee.

Kikohozi kilimwanza Khairiya posa ikiwa imeshajibiwa. Hakukitia maanani, kwa sababu wakati ule hakuna alichokitia maanani. Alikuwa akipanda ngazi huku akiimba, akisahau mkoba sokoni, akitia chumvi kwenye chai. Akaanza kukonda. Majirani wakasema mapenzi hayo. Usiku akitoka jasho mpaka shuka inalowa. Mama mkubwa akasema ni joto la fleti. Na yeye mwenyewe, kusema kweli, aliona raha kuambiwa anakonda kwa ajili ya mwanamme. Hajawahi kuambiwa kitu kama hicho maishani mwake.

Mpaka siku alipokuwa anampaka msichana mmoja wa Kikwajuni. Alikohoa ghafla, na mkono wake, ambao haujawahi kutikisika, ukachora mstari mrefu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Aliutazama ule mstari. Akaugeuza shina, akautia majani na vichipukizi, na bibi harusi akafurahi kuliko alivyotarajia. Lakini Khairiya hakucheka siku ile. Kesho yake asubuhi alikwenda kituo cha afya, akatema makohozi kwenye kichupa, akangoja.

Aliyempa majibu alikuwa nesi aitwaye Yusra, mwanamke kijana wa miwani mikubwa anayezungumza haraka haraka kama anayekimbilia boti.

"Ni kifua kikuu," Yusra alimwambia. "Kinatibika. Miezi sita, vidonge kila siku, na huruki hata siku moja."

"Daktari, nnaolewa. Haipiti miezi mitatu."

"Utaolewa ukiwa mzima kuliko ulivyo leo. Lakini sasa hivi usimpake mtu hina mpaka nikwambie. Unakaa na mtu uso kwa uso saa nzima. Na wa nyumbani wote waje wapimwe."

Mama mkubwa alipimwa, na Shahida pia, rafiki yake anayepaka naye hina. Wote walikuwa salama. Yusra akawatafuta na mabibi harusi wa karibuni mmoja mmoja, kwa staha, nao pia wakaonekana wazima, na Khairiya kwa mara ya kwanza tangu apewe majibu akalala usingizi.

Kuhusu vidonge, alipewa hiari mbili. Aende kituoni kila asubuhi akavimeze mbele ya nesi, au ajirekodi kwa simu anavyomeza, amtumie Yusra video. Khairiya hakufikiri mara mbili. Kila asubuhi apishane na wateja wake mlangoni mwa kituo? Akachagua simu.

"Na jengine," Yusra akasema, "usishtuke ukienda chooni. Dawa hii hugeuza mkojo rangi ya machungwa. Hata machozi."

Khairiya akamkodolea macho. Kisha kicheko kile kikamtoka, kidogo, pamoja na kikohozi. "Miaka yote nawapaka watu nje," akasema, "kumbe mimi nnapakwa ndani."

Khairiya alimwambia Mcha kwa sauti aliyoirekodi kwenye simu, kwa sababu kumwambia uso kwa uso asingeweza. Akaituma kabla ya adhuhuri. Alama zikaonyesha imesikilizwa. Jibu halikuja. Adhuhuri ikapita, na hadi alasiri Khairiya alikuwa keshaivunja harusi moyoni mwake, keshairudisha mahari, na keshaanza kumsamehe. Ndipo simu ikalia.

"Niko chini hapa," Mcha alisema. "Natoka kupima. Sina kitu. Wamesema nirudi tena baadaye wahakikishe."

"Mbona hukunijibu?"

"Nilikuwa kwenye foleni."

Khairiya alikwenda dirishani. Mcha alikuwa amesimama chini na begi lake la spana, anatazama juu, dirisha silo. Khairiya alicheka mpaka akaushika ukingo wa dirisha.

Jambo moja tu walilokubaliana kulificha. Mama yake Mcha, Bi Wanu, alikuwa mkulima wa mwani huko Chwaka, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika pwani nzima. Alishawahi kuikataa posa ya mwanawe mara mbili, moja kwa sababu msichana alilala mpaka jua likachomoza.

"Mama yako tusimwambie kwanza," Khairiya aliomba.

"Mama si mbaya."

"Sijasema mbaya. Lakini ana kauli."

Hapo Mcha hakubisha.

Video ya kwanza ya Khairiya ilionyesha paji la uso na feni. Ya pili alijirekodi kichwa chini miguu juu, na Yusra akamjibu kuwa amelazimika kuigeuza simu na shingo pia. Polepole akajua. Kumbe kinachotakiwa ni kidogo: vionekane vidonge, vionekane vinaingia, maji, kisha mdomo wazi na ulimi juu. Baada ya hapo ikawa mchezo wake wa kila alfajiri. Akijifunga mtandio mpya, akijipaka wanja, akisema, "Assalamu alaikum, daktari, leo tuna hivi vya rangi ya hudhurungi, tazama ukubwa wake, kama mbegu za embe," kisha anavimeza kwa fahari ya mtu anayekunywa sharubati. Yusra alikuwa akijibu kwa ufupi. "Nimeona." "Hongera." Siku moja akaandika, "Mtandio huo umenunua wapi?" na Khairiya akajua wameshakuwa marafiki.

Mcha akaomba na yeye atumiwe.

"Za nini?" Khairiya akamuuliza. "Unataka kuuona ulimi wangu? Huu utauona mpaka uuchoke."

Mwili ukarudi. Wiki chache baada ya kuanza dawa, Yusra akamruhusu kurudi kazini, maana hawezi tena kumwambukiza mtu. Ulipotimia mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena yakawa safi, na vidonge vikapungua. Kilichobaki ni kuendelea mpaka mwisho, na harusi.

Siku ya hina Shahida alifika kabla ya jua, na nyuma yake mashoga, mashangazi na watoto wao. Fleti ilijaa kama sufuria. Khairiya alikuwa amepanga kumeza dawa zake alfajiri kama kawaida, kabla ya kula, lakini kila akiingia chumbani palikuwa na mtu anabadilisha nguo, na msalani kuna foleni. Akasema atameza baadaye kidogo. Kufika saa nne alikuwa amekaa juu ya godoro, mikono na miguu imejaa maua mabichi kutoka kwenye kucha hadi juu, hawezi kushika hata kitambaa cha kujifutia jasho, na tumbo tupu, akisingizia hana hamu ya kula.

Ndipo walipoingia wa Chwaka na sanduku la nguo la bwana harusi, vigelegele vinatangulia. Bi Wanu akalipita kundi zima moja kwa moja hadi chumbani kumwona mkwewe.

"Shikamoo, mama," Khairiya alisema, mikono hewani.

"Marahaba, mwanangu. Mashaallah. Nyie wengine tokeni, mnamtia joto."

Wakatoka. Shahida naye akatoka kwenda kukamua ndimu ya kukolezea rangi. Na papo hapo, chini ya mto, simu ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

Bi Wanu akaichomoa. "Yusra ndiyo nani? Anapiga kweli kweli."

"Rafiki yangu tu. Iache, mama."

Lakini ujumbe ulikuwa umeshajitokeza juu ya kioo, na Bi Wanu akaisogeza simu mbali na macho akausoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Bibi harusi, mbona sijakuona leo? Umemeza?"

Akaishusha simu. Akaenda akaufunga mlango. Akarudi akakaa kwenye ukingo wa godoro, na sauti yake, ile ya kufika pwani nzima, ikawa ndogo sana.

"Umemeza nini, Khairiya?"

Khairiya akainamia maua ya viganjani mwake.

"Niambie kweli. Unameza vidonge vya kuzuia watoto? Mwanangu mmoja tu ninaye. Kama hutaki kuzaa niambie sasa hivi, mimi mtu mzima, ntajua la kufanya."

"Siyo hivyo, mama. Wallahi siyo." Machozi yakamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Nnaumwa kifua kikuu. Nnatumia dawa. Mcha anajua. Nimepimwa tena na sasa hakiambukizi, na nnapona, lakini lazima nimeze kila siku mpaka nimalize."

"Kifua kikuu?"

"Naam."

"Kifua kikuu tu? Alhamdulillahi," Bi Wanu alisema, akashusha pumzi ndefu. Kisha akasikia alichokisema, akajiziba mdomo. "Astaghfirullah. Sikukusudia hivyo. Pole, mwanangu. Pole sana."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka si Khairiya. Bi Wanu alianza, mabega yanatikisika, ukingo wa mtandio mdomoni ili wa nje wasisikie, na Khairiya akafuata, mikono yake miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, machozi ya rangi ya machungwa yanamteremka shavuni.

"Viko wapi?" Bi Wanu aliuliza alipopata pumzi.

"Kwenye kopo la poda. Lakini lazima nirekodiwe, mama. Na simu inafunguka kwa kidole changu."

Wakakitazama kidole. Kilikuwa na ua zima juu yake.

"Kuna namba za siri pia," Khairiya akasema, akaona haya. "Ni zile nne za mwisho za simu ya Mcha."

"Hizo nazijua," Bi Wanu alisema. "Sijui namba nyengine yoyote duniani." Akazibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya mlango.

Video ya kwanza aliyoituma Bi Wanu ilikuwa ya pua yake mwenyewe na swali, "Hii inawakia wapi?" Ya pili ilikuwa ya dari. Ya tatu ikatoka sawa. Alimlisha Khairiya vidonge kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, akamnywesha maji kwa kikombe, na simu akiishika kwa mkono wa kushoto, huku akiamrisha, "Achama. Achama mwanangu, daktari aone mpaka kwenye koo." Simu ikalia mara moja. Yusra alikuwa anacheka hadi maneno hayatoki.

"Samahani, nani anayezungumza?"

"Mimi mavyaa wake," Bi Wanu alijibu. "Andika namba yangu. Siku ukimkosa huyu, nipigie mimi."

Sasa Bi Wanu hakuwa mwanamke wa kuweka siri. Alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake Bashira, ndani ya gari wanarudi Chwaka, tena kwa kunong'ona. Siku ya harusi, ukumbini, Bashira alikwenda kukaa mbali na jukwaa, akavuta mtandio puani kila bibi harusi alipogeukia upande wake. Wanawake wakaanza kuulizana. Bi Wanu aliona. Alipanda jukwaani, akaichukua glasi ya juisi aliyokuwa ameinywa Khairiya nusu, akaimaliza yote mbele ya ukumbi, akajifuta mdomo, akashuka akiendelea kucheza ngoma. Hakusema neno, na kwa Bi Wanu hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko juisi.

Fungate walikwenda kuifanyia Chwaka, katika nyumba ya Mcha, maana fleti ya Michenzani ilikuwa bado imejaa wageni. Asubuhi ya kwanza walishtuliwa na kishindo mlangoni.

"Vidonge!"

"Mama," Mcha aliita kutoka ndani, "sisi tuko fungate."

"Najua. Vidonge na fungate havigombani."

Kurekodi kulikuwa kazi ya Mcha, na aliifanya kwa taratibu zote, akiizungumzia simu kama alivyozungumza na friji. Tabu ilikuwa kutuma. Mtandao ndani ya nyumba ile haukushika kabisa. Ulishika pwani tu, pale samaki wanaponadiwa. Bibi harusi haruhusiwi kutoka, basi kila asubuhi bwana harusi alitoka mbio, shuka la kikoi kiunoni, nywele hazijachanwa, simu kaiinua juu kama taa, anapita katikati ya wavuvi na wachuuzi akitafuta mahali pa mtandao. Akiupata anasimama wima, anangoja, anatabasamu peke yake, kisha anarudi mbio.

Siku ya kwanza watu walimtazama. Ya pili walicheka. Kufika ya nne Chwaka nzima ilikuwa na habari kwamba mke wa mjini anamfukuza mume kila kukicha, na masikini anakwenda pwani kupiga simu kwa wazee wa mke kuomba radhi.

Habari zilimkuta Bi Wanu anatoka kwenye mwani, maji magotini. Hakupitia nyumbani kubadilisha nguo. Alikwenda moja kwa moja mnadani, akasimama juu ya gogo la kukatia samaki.

"Nisikilizeni," alisema. "Mwanangu hafukuzwi na mtu. Mkewe anatibiwa kifua kikuu, anameza dawa kila siku, na daktari wake yuko mjini anamtazama kwa simu. Mcha anapeleka video. Haambukizi, kapimwa. Aliye na la kusema aje kwangu, nipo."

Khairiya aliisikia sauti ile kutoka kitandani, neno kwa neno. Akajifunika mto kichwani.

Alilia kidogo. Hakuwa amechagua kutangazwa mnadani pamoja na samaki wa changu na tasi. Mcha alitoka kwenda kugombana na mama yake, na alirudi amelowa maji ya chumvi na hana alichokipata.

"Anasema wamekusema vibaya, yeye akae kimya?"

Khairiya alifikiri. "Kweli alipanda juu ya gogo?"

"Juu ya gogo."

"Na nguo za mwani?"

"Zinachuruzika."

Mto ukaanza kutikisika, na Mcha akajua mkewe halii tena.

Baada ya hapo wapo wasiokuja kumpa mkono, na wapo waliokuja kwa sababu hiyo hiyo, kumwona mtu anayetibiwa kwa simu. Mzee mmoja alitaka kujua dawa inapita upande gani wa simu. Na kabla fungate haijesha, mchana jua kali, watu wamejifungia ndani, akaja Bashira. Alikuwa amelivuta buibui mpaka kwenye nyusi. Akamkuta dada yake uani anaanika mwani.

"Hiyo dawa," Bashira alisema akitazama ukuta, "ni lazima mtu awe na simu kubwa?"

"Nani anauliza?"

"Kuna mtu."

"Huyo mtu anakohoa tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," akasema.

Bi Wanu aliuacha mwani pale pale ulipo. Kesho yake walikuwa mjini wote wawili, na Yusra, aliyezijua sauti za Chwaka kabla ya kuzijua sura, akawapokea mlangoni. Bashira alikutwa na kifua kikuu. Bi Wanu alipimwa naye, akawa salama, na akaudhika kidogo kuwa hakuna aliyeshangazwa na ukakamavu wa mapafu yake.

Khairiya alimaliza dawa msimu wa vuli unaanza. Alikwenda kituoni akapewa majibu ya mwisho kuwa amepona, akamkumbatia Yusra hata miwani ikaanguka. Siku hizi anapaka hina mjini siku za harusi na Chwaka siku nyengine, na kikohozi alichobaki nacho ni kile cha kucheka kupita kiasi.

Bashira yuko mwezi wa nne wa dawa. Simu anatumia ya zamani ya Mcha, na mpiga picha ni Bi Wanu, ambaye hamruhusu mtu mwengine kuishika. Bashira huanza kila video kwa kumsalimu daktari, kumuulizia mumewe, mama yake na hali ya mvua mjini, kisha kumshitakia dada yake anavyomsimamia kama mtoto, na vidonge huja mwisho kabisa. Yusra amemwomba kwa heshima afupishe. Bado hajafupisha.